Fuawe Moja, Viapo Vitatu

Sogeeni karibu. Leo sitaki wasikilizaji, nataka mahakimu.

Palikuwa na mafundi watatu. Mabula alifua chuma, na jiwe lililoukaidi mtaimbo wake halijazaliwa. Lubasha alikuwa fundi wa shaba. Alisema chuma hulazimishwa, shaba hubembelezwa. Nkwabi alitengeneza sufuria na ngazi za alumini, nyepesi hata bibi kizee angebeba. Kila mmoja aliidharau kazi ya mwenzake, kama mafundi walivyo.

Jirani yao Bi Kabula alikuwa mjane wa mhunzi. Mumewe alimwachia vitu viwili tu: mwana mmoja, Ngassa, na fuawe, lile pande zito la kufulia chuma. Fuawe haiuzwi wala haigawanywi. Mwenye nayo akiigonga kwa nyundo na kutoa ahadi, amekula kiapo. Akikivunja, majirani hawampi tena hata kaa la moto.

Siku moja Ngassa alikuwa akichimba kisima uani. Ukuta ukaporomoka, mawe yakakwama karibu na mdomo wa kisima, yeye akabaki chini gizani.

"Mama, pumzi inaniishia!"

Bi Kabula akapiga yowe mpaka sauti ikakauka. Lubasha akafika wa kwanza, akaona kingo zinavyomeguka, akasita. Mama wa watu akaigonga fuawe. "Nitolee mwanangu, baba, hii ni yako!" Lubasha akapenyeza bomba la shaba kati ya mawe. Likapinda kila kona bila kupasuka, akalipulizia hewa kwa mivukuto mpaka wakamsikia Ngassa akikohoa.

Lakini kukohoa si kutoka. Mabula akaja, naye akasita, na nyundo ikalia tena, kwa maneno yaleyale. Bi Kabula hakukumbuka alichosema mwanzo. Alikumbuka mwanawe tu. Mtaimbo ukaingia chini ya mawe. Chuma hakikupinda, mawe yakang'oka moja moja.

Kumbe Ngassa alikuwa amevunjika mikono yote, kamba hawezi kuishika. Ngazi nzito ingezibomoa kingo zimfukie. Nkwabi alipofika, nyundo ikalia mara ya tatu, ahadi ileile. Akateremsha ngazi yake ya alumini, kingo zikatulia, akashuka, akapanda naye mgongoni.

Ngassa hajamaliza kunyweshwa maji, ugomvi ukaanza.

"Bila hewa yangu mngetoa maiti!"

"Hewa bila njia? Ungempulizia mpaka lini?"

"Na nani aliyeshuka kumbeba?"

Ngassa akamtazama mama yake. "Mama, fuawe ya baba umeiapia mara ngapi?"

Bi Kabula alikuwa akilia. "Wangekuja kumi, mwanangu, ningeigonga mara kumi."

Fuawe ni moja, na watatu wale bado wamesimama uani. Je, wewe ungempa nani? Na wawili waliobaki, ungewatazama kwa uso gani?