Uji wa Profesa Rwegoshora

Alikuwepo profesa mmoja, Rwegoshora, ambaye Mola alimjalia elimu nyingi na subira haba. Alitaka kamati ya maadili ya chuo imruhusu kuwajaribia watoto wa kijiji cha Mkuyuni dawa yake mpya ya minyoo, bila kuwaomba wazazi ridhaa.

"Dawa ni salama," alisema. "Wazazi waulizwe nini tena?"

Wanakamati walimwogopa, wakainamisha vichwa. Bi Chausiku peke yake, aliyewakilisha wanakijiji, alitabasamu.

"Kweli, baba, maneno ya nini? Hebu tunywe uji kwanza."

Akammiminia kikombe. Profesa alikiinua, kisha akasita. Mwenye uji huonja kwanza mbele ya mgeni. Hata kwao Bukoba ndivyo.

"Mama, mbona hukuonja?"

"Niwie radhi, baba. Nimetia vidonge vyako humo, hivi ulivyotuletea. Si umesema ni salama?"

Profesa akakitua kikombe kwa kishindo. "Ungeniuliza kwanza!"

"Mwenyekiti, umemsikia," alisema Bi Chausiku. "Andika hivyo hivyo."

Mwenyekiti akaandika. Bi Chausiku akakichukua kikombe, akasema bismillahi, akaunywa uji wote. Profesa akatazama pakiti yake ya vidonge pale mezani. Haikuwa imefunguliwa.