Kuni za Mjomba Kiboko

Hamjambo jamani. Hebu tulieni, na huyo anayetafuna muwa kule nyuma ateme makapi kwanza. Nikisema "Chungu", nyinyi mwitikie "Chemka".

Chungu!

Chemka!

Chungu!

Chemka, tuonje!

Hapo kale alikuwako Bi Nguchiro, kamwili kadogo, watoto saba. Kazi yake kupika sukari guru. Alikamua miwa, akamimina maji yake kwenye karai pana, akachochea kuni mpaka yakawa mazito, pwata, pwata, pwata.

Kuni alileta Kiboko, maana Nguchiro hawezi kubeba gogo. Na desturi ya huko ilikuwa hii: mwenye kuni huonja kwanza. Sasa kuonja kwa Kiboko! Alitumbukiza mdomo, chwaa, karai likabaki na ukoko. Watoto saba wakalamba ukoko, wakalala na njaa.

"Mjomba, umeonja au umemaliza?"

"Mpwa wangu, mdomo ndivyo ulivyoumbwa. Bila kuni zangu ungepika kwa jua?"

Leo hivyo, kesho hivyo. Kitinda mimba akakonda mpaka mkia ukawa kama uzi. Nguchiro akautazama ule mkia, akasema moyoni, hapana.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ua wa mbono, mti usioliwa na mnyama yeyote. Akachuma mbegu, akatwanga, akachemsha, akaengua mafuta, akajaza kibuyu. Akakitundika pembeni mwa jiko, akachomeka mrija wa mwanzi, akapanga mawe chini ya karai. Akawasha makapi makavu hadi mawe yakawa mekundu, kisha akaachia mafuta. To, to, to. Moto ukaitikia, vuuu, masharubu yake yakaungua yote ya kushoto. Akauziba mrija nusu kwa kijiti. To... to... Moto ukatulia.

Kesho yake Kiboko akaja na magogo. "Niweke wapi?"

"Panga kuzunguka jiko, mjomba, upepo usinisumbue. Pandisha, pandisha. Niachie kijinjia cha kupita mimi."

Kiboko akapanga, puu, puu, puu. Jasho likamtoka, akaenda mtoni kujipoza.

Jioni akasikia pwata, pwata. Akaja mbio, akaingiza kichwa kwenye kijinjia. Kichwa kikagoma.

"Mpwa, nimekuja kuonja."

"Desturi ni desturi, mjomba. Kilichopikwa kwa kuni zako, anza wewe. Hebu angalia, limeungua gogo lipi?"

Kiboko akaangalia. Akazunguka, akaangalia tena. Magogo yote yapo.

"Umepikia nini?"

"Mbono wa uani kwangu."

"Nitaubomoa ukuta huu."

"Bomoa. Ukiangukia karai, sukari itakwenda mchangani, tulale na njaa wote."

Kiboko akakaa chini, akavuta pumzi, fuuu. Chozi likamdondoka, kubwa kama embe. Nguchiro akamwonea huruma. Akafunga bonge moja kwenye jani la mgomba, akapenyeza. "Shika, mjomba. Hii si ya kuni. Ni ya kunijengea ukuta."

Na watoto saba wakala mpaka matumbo yakawa ngoma.

Fundisho lenyewe ni hili: mdogo asijifanye ana akili, amngoje mkubwa amletee kuni. Nawe mkubwa, usichoke, ongeza magogo.

Chungu!

Kimeepuliwa!

Haya, mimi naenda zangu na ukoko wangu. Nikimaliza kuulamba, nitarudi.