Baragumu la Mfalme Zimwi

Sogeeni jikoni. Mko macho? Basi sikilizeni, maana hadithi hii inaniudhi.

Zimwi lilijifanya mfalme wa mji, nalo lilikuwa na baragumu la uchawi lililosema kama mtu. Kila jioni baragumu lilitangaza neno, na desturi ya mji ilikuwa wote kuitikia, "Ndivyo!"

Lilitangaza, "Milio ya mbuzi wenu inawavuta maadui!" Wakaitikia, "Ndivyo!" Zimwi likala mbuzi.

Likatangaza, "Milango yenu inaficha maadui!" "Ndivyo!" Wakaing'oa kwa mikono yao wenyewe, na fisi akaingia.

Mwanasiti mfinyanzi akamwendea jirani yake, Mzee Shaame, damu ikimchemka. "Mzee wangu, fisi kamla mkeo kitandani, nawe bado unaitikia?"

"Punguza sauti, mwanangu. Bila mfalme wangekuja fisi wawili."

Mwanasiti alitamani kumpasulia chungu kichwani. Lakini bibi yake alimwachia siri: baragumu lisipoitikiwa hupasuka. Akapita nyumba kwa nyumba akiwasihi, "Kesho jioni nyamazeni tu, jamani!" Wakakubali shingo upande.

Kesho yake baragumu likalia, "Aliyeleta fisi ni Shaame!"

Mji ukanyamaza. Baragumu likatetemeka, likaanza kufanya ufa. Mwanasiti akamtazama yule mzee aliyemkera tangu jana, na kabla hajajizuia, neno likamtoka: "Ndivyo!"

Mji mzima ukapokea, "Ndivyo!" Ufa ukaziba. Shaame akaburutwa, macho yake kwa Mwanasiti tu.

Hadithi yangu naiacha mlangoni, kwenu ninyi ambao mlango bado mnao.