Mkono wa Kushoto wa Zawena

Sogeeni mkekani, anayetafuna amalize kwanza. Hadithi hii ukipitwa na kipande, utaamua vibaya.

Korogwe, jirani na kiwanda cha mkonge, palikuwa na kituo cha kulelea watoto chenye walezi watatu. Nyamizi alikuwa na macho: aliona kilio kabla hakijafika kooni. Tumpe alikuwa na sauti, nzito na tulivu, hata akikukataza kitu unatamani kumshukuru. Bi Sikudhani, mkubwa wao, alikuwa na mapaja tu, watoto wakilala hapo kama paka. Jioni mama zao wakishawachukua, alirudi kwenye vyumba vyake viwili, akapika wali wa mtu mmoja na kubishana na redio. Mume alishafariki, mtoto hakujaliwa. Majirani walisema anaongea peke yake. Waongo hao, redio ilikuwa inamjibu.

Basi akaletwa Zawena, miaka mitatu, uso kama kitumbua cha asubuhi, meno kama ya panya buku. Huyu alimuuma shavu, yule kidole. Wazazi wakaja juu.

"Mchapeni!"

"Mfungieni stoo!"

"Mnyimeni uji, atashika adabu!"

Mama Mchomvu, mwenye kituo, akagoma. "Hapa fimbo haiingii, stoo ni ya mkaa, na uji ni chakula, si adhabu. Ila mwezi huu ukiisha bado anauma, atatupisha."

Mwajabu, mama yake Zawena, alisimama pale na nguo zake za kiwandani, hana ndugu mjini. Mtoto akiondolewa, atafungiwa chumbani peke yake kutwa nzima.

Siku ya kwanza walezi waliharibu. Walimrukia wote watatu kwa wema: huyu anamchungulia, huyu anamfundisha, huyu anambembeleza. Zawena akaona amevamiwa, akamng'ata Bi Sikudhani mkononi. Alama anayo mpaka leo, na anapenda kuionyesha.

"Tugawane," akasema Tumpe. "Kila mtu na kipande chake."

Nyamizi akachukua kabla ya meno. Alimfuatilia siku nne akagundua kwamba Zawena huuma yeyote anayemkalia mlangoni, mahali pake pa kumngojea mama. Akamtandikia kijamvi hapo hapo. Na akiona mabega yanapanda, alijipenyeza katikati kabla meno hayajafika.

Tumpe akachukua wakati wa meno. Alipiga magoti, uso kwa uso. "Zawena. Kuuma hapana. Sema, sitaki." Maneno hayo hayo, kutwa, bila kupandisha sauti. Hadi siku moja mwenzake akamnyang'anya kikombe, kituo kizima kikasikia, "SITAKI!" Mama Mchomvu alitoka mbio ofisini akidhani kuna mwizi.

Bi Sikudhani akachukua baada ya meno. Hakumpeleka kona akae peke yake. Alikaa naye chini, kimya, mpaka pumzi zitulie, kisha wakaenda wote wawili kumwekea aliyeumwa kitambaa cha maji baridi. Hakuna aliyemfundisha hayo. Kona alizijua mwenyewe.

Mwezi ukaisha, meno yakawa ya kulia mkate tu.

Miaka ikaenda, Zawena akafika umri wa shule. Sasa pale kituoni wana desturi yao. Siku ya kwanza ya shule, mkono wa kulia wa mtoto hushikwa na mama, wa kushoto hushikwa na mlezi mmoja aliyechaguliwa na mama. Huyo ndiye anakuwa bibi wa kudumu: kila sikukuu mtoto huja kumpa shikamoo na kula kwake, na bibi akiugua humpelekea uji. Ni mmoja tu, kwa kuwa mikono ni miwili.

Wakiosha vikombe, yakaanza.

"Bila macho yangu, mngemfikia ameshameza sikio la mtu," akasema Nyamizi.

"Na bila maneno yangu, dada, ungemlinda mpaka anaolewa," akajibu Tumpe. "Bi Sikudhani, mbona umenyamaza?"

"Bila mimi angeacha kuuma, wanangu. Lakini angebaki anaogopa watu."

Akarudi kwenye vikombe vyake. Ila jirani yake, ambaye haambiwi jambo likalala, anasema alishanunua sahani ya pili, ndogo, yenye picha ya kuku.

Msiamue kwa sahani! Watoto wa Nyamizi wako Tabora na bibi yao, humsikia kwenye simu tu. Na Tumpe, tangu atoke Tukuyu, hakuna aliyewahi kumbishia hodi.

Asubuhi ikafika. Zawena ana sare mpya, soksi zimempita magoti. Walezi wamejipanga getini. Mwajabu akawatazama mmoja mmoja, machozi yakamlenga.

"Dada zangu, mimi siwezi. Nikimtaja mmoja, nimewafuta wawili."

Zawena akanyoosha mkono wa kushoto, vidole wazi, akingoja. Nyamizi akauona kabla ya wote. Tumpe akafungua kinywa, sauti haikutoka. Bi Sikudhani akaficha mikono yake ndani ya khanga, asionekane anaomba.

Kengele ya shule inalia, wanangu, na mkono bado uko hewani. Nyumba tatu leo jioni zitapika cha mtu mmoja. Je, wewe ungemshikisha nani?