Shada la Mchimba Kisima

Kwaru.

Sauti moja tu, usiku wa kiangazi, kutoka kwenye mto uliokauka. Wanyama wa Bonde la Miiba waliisikia, wakageukia upande wa pili, wakalala tena na kiu yao. Usiku saba sauti hiyo iliikwaruza ardhi. Asubuhi ya nane, chini ya shimo refu jembamba, maji yaling'aa.

Nani amechimba? Hakuna aliyejua ila Fisi, kwa kuwa Fisi hutembea usiku. Alikuwa amemwona mchimbaji, akamsalimu kwa jina lake. Kulipokucha akanyamaza.

Simba akatangaza hafla ya kumshukuru aliyejitolea. "Nitamvika shada mbele ya wote," alisema, "naye atakuwa mlinzi wa kisima. Atakayemruhusu atakunywa. Atakayemkataza, shauri yake na kiu yake."

Fisi akafika kabla viti havijapangwa. "Ni mimi, Mtukufu. Sikutaka kujitangaza, ila nafsi imenisuta."

Swala alimfuata Sungura, aliyekuwa mshereheshaji. "Tumekwisha, kaka. Huyu akikishika kisima, kila funda atalitoza paja."

"Tulia, dada," Sungura alisema. "Hafla ina itifaki yake." Kisha akaenda kisimani, akaupima mdomo wa shimo kwa masikio yake mawili, akarudi akichekacheka.

Siku ikafika. Fisi aliketi meza kuu, kifua mbele. Nyuma kabisa, kando ya masufuria, alisinzia mnyama mmoja mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe. Hakuna aliyempa kiti, kwa kuwa hakuna aliyejua amwiteje.

"Mtukufu Simba," Sungura alianza, "waheshimiwa wenye pembe na msio na pembe, itifaki imezingatiwa. Desturi yetu yasema aliyechimba kisima hushuka mwenyewe, akampandishia mgeni rasmi maji ya kwanza. Je, ashuke sasa, au tule kwanza?"

"Tule," Fisi alisema upesi.

Akala. Bakuli la kwanza mifupa, bakuli la pili utumbo, bakuli la tatu lilikuwa la jirani. Kisha, tumbo likiwa ngoma, akashuka kisimani kichwa mbele. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likagoma. Mkia ukabaki juu ukiwapungia wageni.

Sungura akainama. "Kaka Fisi, siku zile ulipitaje humu?"

"Nilikuwa nimefunga," sauti ilijibu kutoka shimoni.

Wanyama wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Kisima kilikuwa kimezibwa. Tembo akavuta mkia. Mkia ulitaka kuja, Fisi hakuja.

Ndipo yule wa kando ya masufuria alipoamka. Akapiga miayo, akapita katikati ya wageni bila neno, akaziweka kucha zake kwenye udongo.

Kwaru. Kwaru, kwaru.

Bonde zima likageuza masikio. Sauti ile waliijua. Waliilalia usiku saba.

Fisi akachomoka, matope hadi kopeni. Simba akasimama na shada mkononi. "Rafiki yangu," alimwambia mchimbaji, "wewe... wewe ni..." Akamtupia jicho Sungura.

"Hata mimi sijui, Mtukufu," Sungura alisema, akiangalia chini. "Hatujawahi kumuuliza."

Mchimbaji alikuwa ameanza kurudi kwenye masufuria yake. Simba akamgeukia Fisi. "Wewe hutembea usiku, wewe unamjua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawe umejitembeza vya kutosha. Hutaonja tone la maji haya mpaka utuambie tunamshukuru nani. Kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Koo la Fisi lilikuwa limekauka kwa mabakuli matatu. Akayatazama maji. Akalitazama shada.

"Mhanga," alisema. "Anaitwa Mhanga."