Upepo wa Mama Gwakisa

Wapendwa, kaeni vizuri, na wale wa viti vya nyuma mnaosinzia amkeni kidogo, maana leo nina habari ya ndege. Najua wengi wetu hapa ndege tunaisikia tu ikipita juu kwenda kutua uwanjani Songwe. Hii ya leo itatua humu humu kanisani, kwa hiyo kila mtu aangalie kichwa chake.

Alikuwepo mama mmoja mjane, muuza mapazia pale sokoni Mwanjelwa. Tumwite Mama Gwakisa. Duka lake lilikuwa dogo, lakini mapazia yake ukiyaona unatamani kwenda kujenga nyumba ili tu upate dirisha la kuyatundika. Aliyafuata mwenyewe China. Kichina hajui, na Kiingereza chake hakitoshi kuombea maji ya kunywa, lakini akishakishika kitambaa kwa vidole viwili na kutikisa kichwa, mwenye duka wa kule anaanza kushusha bei bila kuambiwa. Mimi mama yule namvulia kofia, na nitamvulia mpaka mwisho wa mahubiri haya.

Sasa, mashirika ya ndege yana mtindo wao. Ukisafiri nao mara kwa mara wanakupa pointi, zinakaa kwenye simu yako, na zikifika idadi wanayoitaka unapata tiketi. Na kama safari zako hazitoshi kuzijaza, hizo pointi wanakuuzia. Leo ofa, kesho ofa, nunua sasa tukuongeze nusu yake. Mama Gwakisa akaanza kununua. Akiuza mapazia ya nyumba nzima, kwenye faida anatoa mgawo wa mtaji, mgawo wa chakula, na kinachobaki kinaingia kwenye pointi.

Mtaa ulicheka, jamani. Na aliyecheka kuliko wote ni Mama Tumpale, jirani yake wa ukuta mmoja, muuza viazi, mama ambaye akikupa jina umebatizwa, hata mchungaji hawezi kulifuta. Ndiye aliyesema, mwenzetu ananunua upepo. Likashika siku hiyo hiyo. Mama wa watu akipita na mfuko wake wa sokoni, watoto wanaambiana Mama Upepo huyo.

Hata shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, mtu wa mahesabu pale halmashauri, alikuja rasmi baada ya ibada akanywa chai na kumweleza kwa upole. Akasema pointi si fedha. Mwenye ndege anaweza kuamka kesho akaongeza idadi ya pointi za kiti kile kile, na wewe huna pa kumshtaki. Zina tarehe ya kufa. Ukiziweka hazizai. Na mara nyingi ukijumlisha ulichotoa kuzinunua, unakuta unakaribia bei ya tiketi yenyewe. Wapendwa, shemeji alisema kweli tupu. Mama Gwakisa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai.

"Shemeji, hesabu yako haina kosa," akasema. "Ila ndugu zangu hukuwaweka humo."

Mnacheka? Mnacheka kwa sababu mnawajua. Kila mara mama yule alipoweka hela ya jambo lake, jambo la mwingine lilifika kwanza. Ada ya mtoto wa dada. Msiba Tukuyu. Harusi ya binamu ambaye hata sura yake haikumbuki vizuri. Na sisi kanisa hatukubaki nyuma, maana mabati yanayonistiri mimi na familia yangu, mengine ni mapazia ya mama yule. Tatizo lake lilikuwa moja: neno "sina" halikuweza kutoka kinywani mwake wakati hela ipo kwenye mtoto wa meza. Kwa hiyo akatafuta mahali ambapo akisema "sina" anasema kweli. Nani atakuja kwako kukopa pointi za ndege akalipie ada? Na msimshangae. Nani hapa hajawahi kununua matofali akayapanga nje, si kwamba anajenga, ila tofali haliombwi?

Na alikuwa na sababu. Mwanawe wa pekee, Gwakisa, alikuwa anasoma uhandisi Malaysia kwa ufadhili. Siku alipomsindikiza alimshika mkono akamwahidi kwamba siku ya kuvaa joho atakuwepo, hata kama atasimama nje ya geti. Baba yake hataiona siku hiyo, basi mama ataiona kwa macho ya watu wawili. Miaka ikaenda, pointi zikaongezeka kidogo kidogo, na mwaka wa mahafali ulipofika zilikuwa zimebaki kidogo tu kutimia. Ikatoka ofa, akanunua, zikatimia. Akachagua na kitenge cha kuvaa. Akasema Jumatatu nitakata tiketi.

Jumamosi asubuhi, kabla ya Jumatatu hiyo, ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwa Mama Tumpale.

Mnamkumbuka Mama Tumpale? Yule wa upepo. Siku hiyo hakuwa na utani hata kidogo. Binti yake Tumpale alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na bibi aliyekuwa akimtunza kule amefariki. Familia ya bibi imemwachia vizuri, pasipoti anayo mkononi, lakini tiketi ya kurudi hakuna aliyeisemea. Amelala kwa wasichana wenzake, na kibali chake cha kuishi kinaisha katikati ya wiki. Kikishaisha, anaweza kukamatwa wakati wowote. Mama Tumpale alieleza yote hayo huku akivuta uzi wa mkeka aliokalia.

Kikapu kikapita. Watu walitoa, Mungu awabariki, lakini mnajua vikapu vyetu. Mama Gwakisa alitoa kilichokuwemo kwenye pochi yake, akasema mtaji wote uko baharini, mzigo haujafika, hana kingine. Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyemnung'unikia, hakuna aliyemtazama hata kwa pembe ya jicho. Wote walijua kuhusu zile pointi zake, lakini walidhani ni kama namba ya kitambulisho, za mwenyewe tu. Mle ndani ni yeye peke yake aliyejua kwamba mwenye pointi anaweza kumkatia tiketi mtu yeyote anayemtaka.

Hapa tukae kidogo. Nani angemlaumu? Amesema uongo? Hajasema. Amekataa kutoa? Ametoa. Si ndicho alichokijenga miaka yote hiyo, mahali ambapo anaweza kusema "sina" na malaika wakaandika kwamba kweli hana? Kama ni wewe, ungefanya nini? Usinijibu, jijibu mwenyewe.

Wakainama kuomba. Mzee wa kanisa akaanza, akaomba kwa kirefu, akamwambia Bwana afungue mlango pasipo na mlango. Watu wakasema amina. Mama Gwakisa alifumba macho, lakini kila akitaka kusema amina inagoma. Alikuwa anaona joho. Alikuwa anamwona Gwakisa ametoka ukumbini anaangaza macho kwenye watu. Halafu akasikia ndani yake sauti ya Mama Tumpale ikisema upepo, akakasirika, akamchukia jirani yake palepale katikati ya maombi, na wala hakujisingizia kwamba hamchukii. Alilia kwa hasira. Wenzake walidhani ameguswa na maombi.

Mzee wa kanisa hajafika hata amina ya mwisho, Mama Gwakisa akafumbua macho.

"Mama Tumpale," akasema, "jina la binti kwenye pasipoti linaandikwaje?"

Jirani akadhani wanataka kumwombea kwa jina kamili. Akasema Tumpale Ambakisye Mwankenja, na jina la ukoo akalitaja herufi moja moja. Alipoinua kichwa akaona mwenzake amevaa miwani na ameinamia simu, kidole kinabonyeza.

"Unaandika wapi?"

"Namkatia tiketi."

Mama Tumpale akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo mtaa ule haujawahi kuisikia kwake, "Kwa upepo ule?"

"Kwa ule ule," akasema Mama Gwakisa.

Na kwa sababu ni safari ya haraka, kiti kilikula pointi karibu zote. Zikabaki za kukufikisha labda hapo jirani Chimala, kama ndege ingekuwa inasimama Chimala. Tumpale alifika nyumbani kabla kibali hakijaisha, na mama yake alimkumbatia pale Songwe mpaka walinzi wakawaomba wasogee.

Lakini ilibaki simu moja. Mama Gwakisa alimpigia mwanawe na kumweleza bila kujitetea. Gwakisa akasema, "Mama, ungekuja huku ukamwacha Tumpale kule, ungeweza kweli kunipigia kigelegele?"

Mama akasema, "Nisingeweza, mwanangu."

"Basi kipige huko huko. Nitakisikia."

Siku ya mahafali alikaa dukani kwake, amevaa kile kitenge, simu ameiegemeza kwenye jora la kitambaa. Mama Tumpale alifunga viazi vyake akaja, na binti yake Tumpale akaja, wamependeza kama wanaenda kutoa posa. Watatu hao wakabanana mbele ya kioo kidogo. Jina la Gwakisa liliposomwa, kijana akapanda jukwaani, na mama yake akafungua kinywa apige kigelegele alichokitunza miaka yote. Hakikutoka. Yalitoka machozi. Na wapendwa, kigelegele kilichopasua Mwanjelwa siku ile kilitoka kwa muuza viazi. Alikipiga mpaka wauza mitumba wakaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Sasa mtaniuliza, mchungaji, kununua pointi kuna faida au hasara? Shemeji bado anasema ni hasara, na kwa habari ya fedha mimi niko upande wake. Kama safari unayo mkononi na umepungukiwa kidogo, nunua, utapona. Ukinunua uweke tu, unamwekea mwenye ndege, si wewe. Hayo ni mahesabu, na mahesabu mema ni baraka.

Lakini mimi sikusimama hapa kwa ajili ya ndege. Nimesimama kwa sababu kila mmoja wetu ana sehemu aliyoitengeneza ili asiombwe. Wengine tumeweka matofali. Wengine tunamjua mtu fulani ofisini ambaye neno letu moja kwake lingemfungulia jirani mlango, na tumenyamaza kwa kuwa jirani hajui kwamba tunamjua. Wengine tuna muda, tunauita shughuli nyingi. Tunakaa kwenye ibada, kikapu kinapita, tunatoa, tunasema "sina kingine," na hakuna wa kutubishia. Tunamwomba Bwana afungue mlango wakati funguo ziko mfukoni mwetu zinalia tukikaa. Mama Gwakisa hakuombwa na mtu. Hakuna aliyemnyooshea mkono. Alijiomba mwenyewe, akajipa jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Hiyo ndiyo sadaka ninayoivulia kofia, kwa sababu angeikwepa hakuna ambaye angejua milele.

Mmezoea kila Jumapili nawaambia mgeukie jirani yako, mwambie hivi, mwambie vile. Leo sitaki umwambie chochote. Tusimame. Mgeukie aliye kando yako, uliyekaa naye benchi moja miaka yote hii, na umuulize jina lake linaandikwaje.