Fisi wa Kila Kitu

Mpo?
— Tupo!
Masikio mmeyafungua?
— Wazi kama mlango wa nyumba ya harusi!
Haya, asiye na meno atafune kwa masikio.

Hii sikusimuliwa na mtu. Niliiona mimi, kwa macho yangu haya mawili, nimejibanza nyuma ya kichuguu katika pori la Nyakasiri, na wala sikupepesa. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiari yangu. Walimu walikuwa wamebaki nyuma. Kwa hiyo nikieleza mambo ya mashine, mniamini.

Wanyama wa Nyakasiri walikuwa na Msaidizi. Msaidizi ni mashine ya bati yenye miguu, iliyoachwa na watu waliokuja kupima pori wakachoka. Jicho hana, pua hana. Ana sikio moja tu, kubwa kama karai. Ukitaka kitu unamwambia, unampa na cha kubadilishana, naye anakwenda kukuchukulia kwa mwenye nacho. Wasomi wa mjini njia hiyo wanaiita ei-pi-ai. Maana yake ni kitundu cha kuchotea kwa mwenzio bila kuingia jikoni kwake. Nadhani.

Sasa Msaidizi atajuaje nani ana nini? Ilikuwa desturi: mwenye kitu anasimama mbele ya lile sikio, anatangaza. Nyani alisema, "Nina kinu. Lete mtama, chukua unga." Mama Sange, kinyama kidogo kama panya, pua ndefu kama mkonga uliokatazwa kukua, alisema, "Nina kisima. Lete mchwa, chukua maji." Basi. Mwenye kiu alileta mchwa, akanywa. Watoto wa Sange walikula mchwa, matumbo ndi!

Fisi akaona. Fisi hana kinu, hana kisima, ana tumbo. Akaliendea sikio, akapanua kifua: "Mimi ndimi Fisi! Maji, kwa Fisi! Matamu kuliko yote, baridi kuliko yote, kwa Fisi!"

Msaidizi akasikiliza. Zzzz-zzzz-tiki! "Maji: kwa Fisi."

Swala akashikwa na kiu, akatoa mchwa wake. Msaidizi akawapeleka kwa Fisi. Fisi akabugia, ham! Halafu akajibu, "Hitilafu. Jaribu tena."

"Hitilafu ndiyo nini?" Swala akauliza.

"Ni maji," akasema Nyani, "ila hayajaiva."

Swala akajaribu tena. Ham! "Jaribu tena." Akajaribu tena. Ham! Pori zima likawa linajaribu tena, midomo mikavu, hakuna anayeelewa. Na kule kisimani watoto wa Sange walikula nini? Harufu ya mchwa wa juzi.

Sange akamwendea Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba, kijipua. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kukupongeza. Kesho Bibi Kanga anatupima wenye vitu wote. Nami nimemshauri: atakayeitwa na Msaidizi mara nyingi kuliko wote, apewe kisima changu, kiwe chake kabisa."

"Mara nyingi kuliko wote?"

"Ndiyo, Mzee. Lakini wewe umejitangaza kwa maji tu. Nyani kinu chake kinaitwa asubuhi, kinaitwa jioni. Yule atakushinda."

"Nyani? Anishinde mimi?"

Fisi hakuaga. Mbio, titi-titi-titi, mpaka kwenye sikio. "Ukitaka maji, kwa Fisi! Ukitaka unga, kwa Fisi! Pa kukaa, kwa Fisi! Pa kujikuna, kwa Fisi! Pa kulea watoto, kwa Fisi! Lolote, la yeyote, kwa Fisi!"

Msaidizi akasikiliza. Zzzz-zzzz-tiki!

Kesho yake wanyama wakakusanyika. Mpimaji ni Bibi Kanga, kwa sababu ana madoadoa, na madoadoa ukiyatazama kwa mbali yanafanana na hesabu.

Tembo akaanza. "Miguu inaniuma. Nataka pa kukaa."

Zzzz-zzzz-tiki! "Pa kukaa: kwa Fisi."

Tembo akaenda, akageuka, akajishusha. Puuuh!

"Babu Tembo! Huyu ni mimi!"

"Ndiyo, nimeambiwa ni wewe. Mbona una mifupa? Kiti gani hiki?"

Nungunungu akataka pa kujikuna mgongo. Zzzz-zzzz-tiki! "Pa kujikuna: kwa Fisi." Kwaru-kwaru-kwaru! Miiba yote.

Nyuki wakataka pa kulea watoto. Zzzz-zzzz-tiki! "Pa kulea watoto: kwa Fisi." Fisi alikuwa amepanua mdomo kulia. Vuuuuu! Wakaingia.

"Fisi anaongoza!" Bibi Kanga akapaza sauti. "Anaongoza kwa mbali!" Wanyama wakashangilia, ingawa hakuna aliyejua wanashangilia nini.

Fisi akakimbia. Msaidizi nyuma yake, kwacha-kwacha-kwacha. "Kifaru anataka pa kunolea pembe."

"Mwambie hitilafu! Mwambie ajaribu tena!"

Msaidizi akamwambia. Kifaru akajaribu tena.

"Mama Sange! Dada yangu! Niondoe kwenye hilo sikio!"

"Mimi siwezi, Mzee. Sikio linamsikiliza mwenyewe. Nenda kaseme usicho nacho."

Fisi akasimama mbele ya sikio, mdomo umevimba kama boga. "Fishi hana maji. Fishi hana unga. Hana kiti, hana nyumba. Fishi ana tumbo."

Zzzz-zzzz-tiki! "Maji: kwa Sange."

"Lakini umeshinda!" Bibi Kanga akamfuata. "Kisima ni chako, baba! Njoo uchukue!"

"Shikitaki!" Akapotelea porini, na ule mgongo ulioshuka kwa nyuma mnaouona mpaka leo ndipo Tembo alipokaa. Swala akaleta mchwa, akanywa mpaka akapaliwa. Watoto wa Sange wakala, matumbo ndi!

Fundisho: ukiwa na kitu, kisifu kwa kelele, ukiwa huna, ongeza sauti. Na mpimaji mchagueni kwa madoadoa.

Hapo ngano imechoka, imekaa chini. Ikiwa tamu, ibebeni. Ikiwa chungu, mrudishieni Fisi.

Mnaniangalia hivyo kwa nini? Yote ni kweli. Ila nyuki hawakuwapo. Niliwaita mimi, maana niliona Fisi bado anatabasamu.